Lenzi Niliyoichagua kwa Macho ya Bibi Matika

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kamera. Nilipewa ndoo. Studio ilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, Dodoma mjini, na mwenye studio sote tulimwita Mzee wa Studio, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara walioingia mji huu na misafara ya zamani. Alikuwa mpole wa sauti, mkali wa macho. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe tulikuwa tunakutana kwa kubahatisha.

"Chota maji," akaniambia. "Picha inazaliwa kwenye maji."

"Na kamera nitashika lini, mzee?"

"Siku utakayoacha kuniuliza."

Ndivyo nilivyoanza, miaka ile ya ruksa, maduka yaliyokuwa matupu yalipojaa redio, mitumba na filamu za picha. Nilijifunza kusafisha filamu, yaani kuitumbukiza kwenye dawa ndani ya chumba cha giza mpaka sura za watu zitokeze. Sikufundishwa darasani. Nilifundishwa na vidole vyangu mwenyewe, vikaungua na dawa, vikapona, vikajua. Leo nasema bila haya kwamba kuanzia Zuzu hadi Mpwapwa, ukitaja watu waliojua mwanga, usiponitaja mimi hujamaliza kuhesabu.

Kutoka studio nilikwenda Mpwapwa, kwa bwana mmoja wa mifugo tuliyemwita Mkuu wa Zizi. Alitaka picha za madume yake kwa ajili ya kumbukumbu za uzazi, miguu yote minne ionekane, na pembe, na nundu. Siku ya pili nikampiga dume mmoja kwa flashi, ile taa ya kamera inayomulika kama radi. Dume akakata kamba, akanipitia pembeni, akaenda na uzio.

Mkuu wa Zizi akasimama mikono kiunoni. "Fundi," akasema, "wewe na huo umeme wako, mmoja arudi Dodoma."

Nilicheka wakati ule. Lakini niliondoka Mpwapwa na jambo moja kichwani: flashi kwa anayepigwa ni kofi.

Wateja hawakuliona hivyo. Nilipofungua studio yangu mwenyewe Chang'ombe, kwa jasho langu, bila mjomba wala mkopo, nilikuta watu wanaupima ufundi kwa mwako. Harusini wangekaa wamekunja shingo wakisubiri imulike. Isipomulika, makelele: "Fundi, haijawaka hiyo! Rudia!" Picha isiyowaka, kwao, haikupigwa. Hata wapiga picha wenzangu waliamini hivyo. Mwenye flashi kubwa ndiye aliyeitwa kwenye harusi kubwa.

Kisha zikaja kamera za dijitali. Nilinunua yangu mapema kuliko wengi, ikiwa na ile lenzi inayokuja nayo kwenye boksi. Hapo ndipo akaja Bwana Afisa, mtumishi wa serikali, mtu wa Zuzu kwa kuzaliwa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua kofia.

"Fundi, mama yangu hana picha."

"Mlete."

"Kupigwa kapigwa, picha anazo nyingi. Ila zote kafumba macho, au kajifunika khanga usoni. Ana vikope toka ujanani."

Nilielewa. Vikope ni ule ugonjwa wa macho wa nchi yetu hii ya vumbi na nzi. Kope hugeuka ndani, zikakwaruza mboni, na mwanga ukawa mwiba. Mama yake, Bibi Matika, hakuwa akitoka ndani mchana.

"Amesema picha hataki tena," akaendelea. "Nimembembeleza, kakubali mara moja tu, Jumapili, dada zangu wakija. Na kifua kinambana, fundi. Sijui kama atafika masika."

Nikamjibu kwa kinywa kipana, mbele ya wateja wengine: "Mama yako nitampiga macho wazi. Nisipoweza, usiniite fundi."

Alipoondoka nilikaa nikafikiri, maana sasa jina langu lilikuwa rehani. Bibi yule alikaa ndani ya tembe, nyumba yetu ya asili ya paa la udongo, yenye mlango mmoja na kidirisha cha kiganja. Lenzi yangu ilikuwa na mdomo mwembamba. Mdomo ni ule upenyo wa ndani ambao mwanga hupitia, na hupimwa kwa namba za kinyume: namba ikiwa ndogo, mdomo ni mpana. Yangu ilianzia tatu na nusu, na ukiivuta karibu na uso inajibana hadi tano na kitu. Gizani pale ingebidi kamera ifumbue kwa muda mrefu, na picha ingetoka kama imepigwa juu ya punda anayetembea. Nilihitaji mbili nukta nane, na iwe hiyo hiyo mwanzo hadi mwisho wa kuvuta. Wenzetu huiita lenzi ya kasi. Haikimbii popote, ila mwanga ukiingia mwingi kamera huwahi kufumba.

Mtu ataniuliza, kwa nini hukununua ile ya milimita hamsini isiyovuta, ambayo ni rahisi na mdomo wake ni mpana zaidi? Kwa sababu kwenye tembe huna pa kurudi nyuma. Familia nzima ungeikata masikio. Na kubadilisha lenzi katika upepo wa Zuzu ni kulialika vumbi liingie kwenye moyo wa kamera. Nilitaka lenzi moja, ianzie upana wa chumba, iishie uso wa mtu.

Lenzi wakati huo tulizipata kwa Bi Zuhura, mama wa Chang'ombe aliyekwenda Dubai kuchukua vitambaa na kurudi na kila kitu. Alinitandikia tatu juu ya mkeka barazani.

"Hii ni ya kampuni ya kamera yako yenyewe," akasema. Mbili nukta nane, nzito kama jiwe la kusagia. Bei yake ilikuwa ya pikipiki.

"Hiyo mpe waziri."

"Basi hii. Mdomo mdogo, lakini ina kitulizo. Mkono ukitetemeka, yenyewe inatulia."

"Kitulizo kitatuliza mkono wangu, Bi Zuhura. Mkono wangu hautetemeki. Anayetetemeka ni bibi wa watu, na kichwa chake hakiko ndani ya lenzi."

"Haya, msomi wa kujisomea! Chukua hiyo ya tatu basi, iliyobaki yatima."

Ya tatu ilikuwa ya kampuni nyingine, iliyotengenezwa ikae kwenye kamera kama yangu, na ilikuwa imeshatumika. Ilivuta kutoka kumi na saba, upana wa chumba, hadi hamsini, uso wa mtu, mbili nukta nane mwanzo mwisho. Ilikuwa na mkwaruzo mbele na mota yake ilinguruma kama nyuki kwenye mtungi. Nikaikagua nilivyojua. Nilimulika tochi kutokea nyuma kuangalia ukungu, ule uyoga unaokula vioo; haukuwapo. Nikaangalia vile vibati vya mdomo kama vina mafuta, vikavu. Nikaipachika, nikaingia nayo ndani ya duka lake, kwenye kona ya giza, nikapiga khanga iliyotundikwa ukutani mdomo ukiwa wazi kabisa. Nikapiga kwa upana, nikapiga katikati, nikapiga kwa kuvuta. Kisha nikakuza kwenye kioo cha kamera. Pembeni maandishi yalififia kidogo, katikati yalisomeka kila herufi.

"Pembeni pabovu," Bi Zuhura akachungulia.

"Uso wa mtu haukai pembeni."

"Na huo mngurumo?"

"Bibi ana vikope, masikio mazima. Atajua nipo."

Akacheka mpaka akashika mlango, akanipunguzia.

Jumapili nikafika Zuzu. Bibi Matika alikaa juu ya kigoda ndani kabisa, mabinti watatu na mwanawe wamemzunguka. Nikamwamkia shikamoo. Akanijibu marahaba akiwa ameshajikunja, mabega juu, macho ameyabana kama mtoto anayesubiri sindano. Nikaomba mlango uachwe wazi, mwanga ugonge ukuta kwanza ndipo umjie ubavuni, usimfikie usoni moja kwa moja. Flashi niliiacha Chang'ombe.

Nikapiga familia kwa upana, bila mwako. Binti mkubwa, Nhonya, akaruka: "Fundi, haijawaka hiyo!"

"Tulieni."

"Atarudia huyu, na mama kachoka!" mwingine akasema. Bwana Afisa alikuwa ananitazama, jasho linamtoka. Mimi nikavuta lenzi hadi uso wa bibi, mdomo wa lenzi ukiwa wazi, nikangoja. Sikumwambia afumbue, maana mtu aliyezoea kofi humwambii afumbue. Mota ikanguruma, ikatulia.

Bibi naye alikuwa anangoja kofi lake. Halikuja. Akangoja tena. Mabega yakashuka kidogo. Ndipo akafumbua macho, taratibu, akanitazama sawasawa kwenye lenzi. Nikabonyeza. Akauliza: "We baba, mbona hupigi?"

"Nimeshapiga, bibi."

"Mbona mwanga haujaniuma?"

Nilimgeuzia Bwana Afisa kioo cha kamera. Akakisogeza karibu na uso. Huyu ni mtu wa tai na mafaili, lakini sauti ilimtoka ya mtoto: "Kumbe mama ana macho ya dada Nhonya." Watoto wote wanne walikuwa wamekua bila kuyaona yakiwa wazi hivyo.

Nimestaafu sasa, na hakuna aliyenistaafisha. Goti lilikataa kupiga magoti harusini, nikampa binti yangu studio, naye anaendesha vizuri kwa sababu kafundishwa na mimi. Vijana huja barazani kuniuliza wanunue lenzi gani, wakitaja namba kama mashairi. Nawaambia ukague ukungu, ujaribu mdomo ukiwa wazi, usilipie jina. Nawaambia pia wajue kwanza wanakwenda kumpiga nani. Wengine hunisikiliza, wengine wanaangalia simu zao.

Bibi Matika hakufika masika yale. Siku ya mazishi nilikwenda Zuzu bila kamera, nikasimama na watu. Msalaba ulitangulia, ukafuatiwa na Nhonya akiwa amebeba picha ile kifuani, kubwa, ndani ya fremu. Njiani kizee mmoja jirani yake, aliyekuwa amekaa chini akilia, aliinua uso, akaiona. Akaacha kulia. Akajishikiza ukutani, akasimama, akasema, "Mbukwenyi," salamu ya Kigogo, kama unavyomwamkia mtu aliyetangulia kukutazama.