Madame wa Makaratasi

Juzi nilinunua mandazi kwa mama mmoja karibu na lango la shule, akanifungia kwa ukurasa aliouchana kwenye daftari la mtu. Mafuta yalikuwa yameshaingia kwenye wino, maandishi ya nyuma yanachungulia mbele, na ile harufu ya mafuta ya moto, karatasi kuukuu na vumbi kidogo la soko ilinipanda puani nikasimama katikati ya njia. Pikipiki ikanipigia honi, dereva akaniuliza kama nimechoka kuishi. Nilikuwa nimerudi kuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, nimeketi kwenye kibao nyuma ya meza ya mama yangu kule Ngezi, mtaa wetu wa Bunia, napasua makaratasi.

Mama aliuza mandazi. Makaratasi ya kufungia aliyanunua sokoni kwa kilo: daftari za wanafunzi, vitabu vilivyokwisha kupoteza jalada, matangazo ya chanjo, barua za maofisi ambayo hayapo tena. Kazi yangu ilikuwa kuyapasua vipande vya kutosha mandazi mawili au matatu. Baba alikuwa Bambu akichimba dhahabu, na dhahabu, mnaijua, ina siku zake. Ile meza ndiyo iliyotulisha mimi, mama na mdogo wangu Asifiwe, na ndiyo iliyonilipia shule.

Basi kila Jumamosi asubuhi alikuja kwetu mwanamke mrefu, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alikuwa Madame Georgine, mwalimu wetu wa mwaka wa sita. Alikuwa amekimbia vita Djugu pamoja na watu wengi, akafika Bunia na mfuko mmoja. Alinunua mandazi mawili, akayala palepale akiwa amesimama, halafu akainama kwenye rundo langu na kuanza kuchagua makaratasi. Na aliyalipia! Mama alikataa kila mara, yeye akaacha noti chini ya sahani akaenda zake. Watu wa barabara yetu wakampa jina: Madame wa Makaratasi. Wengine walisema vita vilimgusa kichwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka pamoja nao.

Ukweli ni kwamba shule yetu haikuwa na vitabu vya kusoma. Kwa hiyo yale makaratasi ya mandazi ndiyo yaliyokuwa vitabu vyetu. Madame alipanga mawe matano sakafuni mbele ya ubao, maana madirisha hayakuwa na vioo na upepo uliingia bila kubisha hodi. Kila mmoja wetu alipewa kipande, hakina kichwa wala mwisho, kimekatika palepale mkono wangu ulipokikata. Ukianza tu kusoma kwa sauti, anakunyamazisha.

"Usiniambie inasema nini," anasema. "Niambie kwanza iko imepangwa namna gani."

Karatasi iliyokupeleka hatua kwa hatua, kama ile ya kupanda maharage, ilikwenda chini ya jiwe la kwanza. Iliyoeleza kwa nini jambo limetokea na likaleta nini, jiwe la pili. Nakumbuka kipande kilichohusu udongo unaoporomoka mlimani miti ikishakatwa, kilikuwa na doa la mafuta katikati. Palikuwa na jiwe la zile zinazoweka vitu viwili bega kwa bega, mbu na inzi, mhogo mtamu na mhogo mchungu, na jiwe la zile zinazotaja shida halafu dawa yake. La tano lilikuwa la karatasi zinazokuonyesha tu kitu kilivyo, hazina haraka ya kwenda popote. Bahati, mwenzetu aliyependa kurudi upesi kwenye benchi, aliweka kila kitu chini ya jiwe la tano, hata maelezo ya dawa ya minyoo. Madame akamtazama juu ya miwani. "Bahati, hiyo dawa utaitazama tu, ao utaimeza?" Tulicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuuliza kuna nini.

Mimi mchezo wa mawe niliudharau. Niwaambie kweli, nilikuwa na kiburi. Nilisoma haraka kuliko darasa zima, kanisani nilipewa somo la kwanza wakati wakubwa wapo, na barua za jirani zote zilipitia mikononi mwangu. Mtu anayesoma kama mimi, nilijiuliza, atapanga makaratasi chini ya mawe kama mtoto wa chekechea kwa faida gani?

Na kwetu kulikuwa na desturi yake ya kusoma. Matangazo ya biro ya kartie, yaani ofisi ya mtaa, yalikuwa marefu, ya Kifaransa kigumu, na wamama hawakuwa na muda. Moto unangoja, mteja anangoja. Kwa hiyo waliniambia, "Soma juu, soma chini. Katikati ni Kifaransa yao tu." Juu unajua habari ni ya nini, chini unajua adhabu ni ipi. Nililelewa hivyo, na sikuwahi kuona ubaya wake.

Siku moja, Alhamisi, kijana wa biro alibandika tangazo kwenye ukuta wa duka la dawa lililokuwa karibu na meza yetu. Mama akaniita. Pembeni yake akaja Mama Maombi, jirani yetu aliyeuza samaki wa chumvi, mikono bado inanuka samaki. Nikasimama mbele yao, nikakohoa kidogo kama mhubiri, nikasoma juu: kuondolewa kwa meza na vibanda vya kando ya barabara. Nikashuka chini: asiyefuata haya, Jumamosi asubuhi vitu vyake vitachukuliwa. Nikawatafsiria vizuri, kwa sauti nzuri. Mama Maombi alinishukuru. "Aksanti, mutoto," alisema. "Hata kama ni mubaya, afazali tumejua."

Jioni tulipokuwa tunakula ndipo mama aliponiambia, bila kunitazama, kwamba meza ikiondoka na shule inaondoka. Yeye atakwenda kulima mashamba ya watu upande wa Irumu, mimi nitabaki nyumbani na Asifiwe. Ilikuwa imebaki miezi mitatu nifanye mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Niliacha ugali, nikatoka nje nikalia nyuma ya choo, mahali pekee ambapo mtu hakuulizwa analilia nini.

Ijumaa asubuhi tukaanza kubomoa. Darasa letu lilisoma mchana, hivyo nilikuwepo. Mama anang'oa mbao, mimi nazipanga, Asifiwe anakusanya misumari kwenye kopo na kufurahi kama siku ya sikukuu. Mama Maombi alikuwa ameshamaliza zamani, ameondoka na mbao zake kichwani. Kwenye saa tano hivi Madame Georgine akatokea. Haikuwa siku yake. Alitazama meza isiyo na miguu, akamsalimu mama, akauliza kumetokea nini. Mama akamweleza.

"Nani alisoma tangazo?"

"Ni Furaha," mama akasema, na hata katika shida ile nilisikia fahari ndani ya sauti yake.

Madame akanishika mkono mpaka kwenye ukuta wa duka la dawa. Nilidhani atasoma mwenyewe, atikise kichwa, atupe pole. Badala yake akakunja mikono. "Furaha, hii ingekuwa chini ya jiwe gani?"

Ee, hasira iliyonipanda! Nilimjibu kwa sauti ambayo barabara yote ilisikia: "Mama yangu iko anapoteza meza yake, na weye unaniuliza mambo ya mawe!" Nilimwita weye kama rika langu, mwalimu wangu, mbele ya watu. Mama aliita jina langu kwa nyuma kama mtu aliyechomwa na mafuta. Madame hakukasirika. Alitazama saa yake ya mkononi, akarudia polepole, "Jiwe gani?"

Nikasema la nne, shida na dawa yake, ilimradi aniache. Akaniuliza dawa iko wapi. Nikatafuta juu, nikatafuta chini, haikuwepo. Basi kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaingia katikati ya tangazo la biro. Mistari ilikuwa mingi, lakini sikuifuata mstari kwa mstari. Niliitazama jinsi ilivyokaa, kama tulivyofanya sakafuni. Nikaona vifungu viwili vya urefu karibu sawa, vimeanza kwa maneno yaleyale. Kwa meza zilizo kati ya mfereji na barabara. Kwa meza zilizo nyuma ya mfereji.

"Ni la tatu," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imekwisha. "Ni vitu viwili bega kwa bega."

Mstari wa juu haukuwa amri. Ulikuwa unataja tu jambo linalozungumzwa. Meza za mbele ya mfereji ziondoke. Za nyuma ya mfereji zibaki, ila mwenyewe aandikishe jina biro kabla ya saa sita ya Ijumaa. Meza yetu ilikuwa nyuma ya mfereji! Wateja walituvukia kwa ubao kila siku ya Mungu. Ya Mama Maombi pia. Na Ijumaa yenyewe ndiyo ile, jua limeshapanda.

Mama hakungoja nimalize. Alimtupa Asifiwe mgongoni, akafunga kikwembe akikimbia, vumbi la mbao bado kwenye viwiko. Madame akaketi juu ya mbao zetu kuzilinda. Mimi nikakimbilia kwa Mama Maombi, naomba njia nzima asiwe ameondoka.

Nilimkuta uani anashindilia samaki kwenye gunia, na mbao zake mbili zimeshapasuliwa kuni. Nilipomwambia, alinitolea macho. "Aka! Jana ulisema ingine, leo unasema ingine. Siye tukamate gani?"

Pale ndipo palipokuwa pagumu. Ningeweza kusema biro wamebadilisha tangazo, na angeamini. Lakini dakika zilikuwa zinakwenda na nilijua akibaki na shaka hatatoka. "Nilisoma mubaya, Mama," nikasema. "Nilisoma juu na chini tu. Ni kosa yangu." Alinitazama kidogo tu. Kisha akaacha gunia wazi, kuku wakalisogelea, naye akatoka mbio na kandambili moja mguuni.

Tulifika biro saa sita kasoro dakika chache. Foleni ilikuwa ndefu, na mama alikuwa ndiyo kwanza anafika mbele ya meza ya mwandishi. Akataja jina. Mwandishi akapitisha kalamu kwenye orodha, akarudi juu, akasimama. "Weye iko tayari humu, mama. Uliandikwa asubuhi." Akageuza daftari, nikasoma mwenyewe: majina matatu ya mama yangu, yote kamili, kwa mwandiko safi. Mama akainua mikono miwili akamshukuru Yesu kwa sauti, na tangu siku ile mpaka mimi nimekuwa mtu mzima alisimulia kanisani kwamba malaika alimwandika. Mwandishi alisema tu kwamba wengi walipita asubuhi, hakumbuki. Mama Maombi aliandikwa wa mwisho kabisa, mwandishi anagunaguna, kofia ameshaivaa.

Tuliporudi, Madame aliinuka kwenye mbao, akajipangusa kiunoni. Aliniambia nisichelewe darasani, akaenda. Hatukumpa hata andazi. Jioni ile tulipigilia meza yetu upya, na miezi mitatu baadaye nilifanya mtihani wangu, nikafaulu.

Leo na mimi ni mwalimu, hapa hapa Bunia. Mwaka jana nilikuwa najaza matokeo ya wanafunzi, naandika majina ya wazazi wao, na nikagundua kwamba wengi wa wamama hawa nawajua miaka mingi bila kujua wanaitwa nani. Mama fulani, Mama fulani, basi. Kalamu ikasimama mkononi. Mama yangu mwenyewe, ni nani Ngezi aliyewahi kujua majina yake matatu? Kanisani alikuwa Mama Furaha, sokoni Mama Furaha, hata mwenye nyumba alimwita hivyo. Majina yale yaliandikwa pamoja mahali pamoja tu, kwenye matokeo yangu ya shule, na aliyeyaandika muhula baada ya muhula alikuwa Madame Georgine. Kumbe ule mwandiko safi wa kwenye daftari la biro nilikuwa naujua tangu zamani! Alikuwa ametoka biro alipokuja kwetu. Meza ya mama ilikuwa imeshaokolewa, na Madame akakunja mikono, akaniacha nitokwe na jasho mbele ya ukuta.

Nilimwambia mama siku hiyohiyo. Akaenda kuvaa kikwembe chake cha Pasaka, akaniambia nimpeleke.

Madame sasa ni mzee, anaishi kwa binti yake, haoni vizuri. Mama alimshika mikono miwili. "Madame, miaka yote nilikuwa natolea malaika aksanti," alisema. "Nisamehe. Nilikuwa sijue."

Madame alicheka mpaka akakohoa. Halafu akanigeukia mimi, akanitafuta kwa macho yake mabovu. "Mimi niliandika jina moja tu, ya mama yako," alisema. "Yule mama wa samaki sikumujua. Yule ni weye ulimwandikisha."

Nilikuwa nimekwenda kutoa shukrani, mtu mzima mwenye darasa lake, na nikalia pale mlangoni kwa sauti kama mtoto. Mama hakuniambia ninyamaze.