Kumpeleka Dachesi Nakuru kwa Trela

Sababu ya safari ilikuwa trela lenyewe. Miaka yote ya nyuma farasi wa shamba letu la Kabazi walikwenda kwenye maonyesho ya Nakuru kwa miguu yao, nami saisi wao, mtunza farasi, nikitembea kando, wala hakuna aliyelalamika, si mimi si wao. Lakini mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, mzungu wetu alinunua trela la farasi, likaja na kitabu cha maelezo. Sisi wafanyakazi tulikuwa tunamwita Bwana Kitabu tangu zamani, maana hata kuku aliwafuga kwa kufuata ukurasa. Akaniita.

"Dachesi nakwenda na trela," akasema. "Yeye napata jeraha moja, wewe na bibi yako natoka shamba."

Dachesi alikuwa farasi wake jike. Bibi yangu ni Tabitha. Nyumba yetu, mahindi yetu na mbuzi wetu watatu, vyote vilikuwa juu ya ardhi ya Bwana.

Saa kumi na mbili asubuhi, Kabazi. Bwana alisimama mbele ya Dachesi, akamkazia macho, akavuta kamba. Farasi ukimtazama usoni huku unamvuta, hang'oki hata kwa trekta.

"Saidia vuta!"

"Ndiyo, Bwana."

Hiyo "Ndiyo, Bwana" ndiyo ufundi wetu masaisi: unaitikia kwa sauti, kisha unafanya inavyofaa. Alipoinamia kitabu kutafuta ukurasa mwingine, nikafungua kimlango cha mbele mwanga uingie, kwa sababu farasi hakubali kuingia gizani. Nikasimama begani pake, nikatazama mbele kana kwamba msafiri ni mimi, tukapanda. Nikaweka kwanza mti wa kumzuia nyuma, ndipo nikamfunga kichwa. Bwana kuinua macho, farasi yumo.

"Naona?" akasema, akikipigapiga kitabu.

Saa mbili, mlima wa Subukia. Barasa, dereva wa shamba, aliendesha gari. Bwana alikaa mbele pamoja na mbwa wake, nami nyuma kwenye sehemu ya mizigo, juu ya majani makavu, nikila vumbi. Nilimwonea mbwa wivu, sitaficha. Kila kona nilisikia kwato zikihangaika, nikagonga paa, Barasa akapunguza mwendo. Bwana alipouliza kuna nini, Barasa alijibu kwamba breki zimeomba kupumzika, na Bwana akaridhika.

Saa nne na nusu, Nakuru. Uwanjani wageni wa Bwana walikuwa wakisubiri, mabibi kwa mabwana, na kofia zao. Bwana akataka kuwaonyesha ujuzi. Kabla sijashuka garini akateremsha mlango wa nyuma na kuutoa ule mti, kichwa cha Dachesi kikiwa bado kimefungwa. Hapo ndipo farasi huvunjika shingo: anaona nje kweupe, anarudi nyuma, kamba inamkatalia, anajirusha.

Safari hii hapakuwa na pa kuificha "Ndiyo, Bwana" yangu. Nikapiga kelele, "Hapana! Kichwa kwanza!" Nikamsukuma Bwana kando, kofia yake ikaanguka, nikauinua mlango kwa bega. Barasa akapenya mbele, akafungua kamba. Ndipo nikauteremsha mlango, na Dachesi akashuka taratibu, bila hata mkwaruzo.

Wageni walicheka. Walichokicheka ni ile kofia.

"Wewe kwisha kazi!" Bwana akanguruma. "Rudi, funga mizigo!"

Saa tisa alasiri, bado Nakuru. Nilikaa kwenye ua wa uwanja, nikimuwaza Tabitha. Mbele yangu Bwana alikuwa akimvuta Dachesi apande trela kwa saa nzima. Hatimaye Barasa akaja.

"Ndugu yangu, unaitwa ukapakie."

"Mwambie nimefukuzwa. Mtu aliyefukuzwa akishika farasi wa watu, anaitwa mwizi."

Akaenda, akarudi. "Anasema ni amri."

"Amri ni ya wafanyakazi, Barasa."

Bwana akaja mwenyewe, shati limelowa jasho.

"Nangoja nini hapa?"

"Nimefukuzwa, Bwana."

"Nani nafukuza wewe?"

Nilimtazama. Hakuwa anatania.

"Sijui, Bwana," nikasema.

Nikampakia Dachesi. Kwa kila hatua niliyofanya, Bwana aliwasomea wageni kitabu, wakampigia makofi.

Jioni, Kabazi. Kwamba kichwa hufunguliwa kabla ya nyuma nililijua kabla ya safari. Nililojifunza ni kwamba Bwana husahau haraka akiwa na shida, na mtu anaweza kuishi ndani ya usahaulifu huo, ila kujenga humo hawezi.

Jirani aliyerudi na lori alikuwa amekwisha kumweleza Tabitha. Nilimkuta mlangoni, amekalia mizigo, mbuzi wamefungwa kamba.

"Tumerudishwa kazini," nikamwambia.

"Mpaka lini?"

Akafungua mzigo mmoja, akatoa sufuria moja, akaufunga tena.