Gari Limejaa, Mwanafunzi Ni Yupi?

Hebu niambie, msomaji: mtoto akipelekwa chuo kikuu, nani hasa anayesafiri?

Jumamosi nilikuwa stejini Donholm, natarmac kama kawaida, yaani nazunguka nikitafuta kazi, nikamsikia mama mmoja akikodi gari la kumpeleka bintiye hosteli. Alihesabu abiria kwa vidole: baba, mashangazi, mchungaji wa kuombea kitanda, akina mama wa chama wa kuimba getini, na jirani ambaye eti anaijua njia.

“Na godoro?” dereva akauliza.

“Godoro tutalikalia, kijana wangu.”

“Sawa mathe, lakini gari limejaa. Mwanafunzi ni yupi?”

Msichana aliyebeba ndoo nyuma yao akainua mkono polepole, kama yuko darasani. Mama akamtazama juu hadi chini.

“Huyu ni mdogo. Atapakatwa na shangazi.”

“Mum, mimi ni mtu mzima.”

“Basi wewe ndiye utampakata shangazi.”

Steji nzima ilicheka. Nilicheka pia, kisha nikakumbuka siku yangu. Hata mimi nilisindikizwa hivyo, kwa vigelegele, shangazi akanitandikia kitanda kwa mikono yake. Nilipomaliza, nikiwa na digrii safi kabisa, hakuna aliyejua pa kunipeleka. Siwalaumu. Mashangazi hawana ofisi.

Ofisi mnazo ninyi, waheshimiwa, mnaotuimbia kila siku tujiajiri. Huyo binti atamaliza masomo. Siku hiyo tumeni gari ninyi, liwe na kiti chake. Na mkipita Donholm mnibebe, bado niko stejini.