Bango Zuri Lililomponza Shangazi Perla

Shuka la kwanza linaingia kwenye rola ya kupigia pasi saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi. Corrine Desjarlais analishika kwa pembe mbili, analinyoosha, analiachia, na kabla halijatokea upande wa pili likiwa kavu, mikono yake iko tayari kwenye shuka jingine. Nje, Winnipeg ina nyuzi kumi na tisa chini ya sufuri, na ni Machi. Humu ndani ya kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, watu wamevaa fulana na bado wanatoka jasho.

Corrine ana umri wa miaka thelathini na mmoja. Kuanzia alfajiri hadi saa sita mchana ni mpiga pasi, kwa dola kumi na saba na nusu kwa saa. Saa saba anakuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa ubunifu wa grafiki katika chuo kimoja cha hapa mjini, akiwa na kompyuta yake ya mitumba, na harufu ya sabuni ambayo wenzake darasani wameshaizoea.

Ukutani, hatua tatu kutoka anaposimama, kuna mstatili ambao rangi yake haijachujuka kama sehemu nyingine za ukuta. Hapo ndipo lilipokuwa bango.

"Waliliondoa siku ileile," anasema bila kugeuka. "Hata damu hawajamaliza kufuta. Kama halikuwa na kosa, haraka ya nini?"

Bango hilo lilieleza hatua nane za kufuata shuka linapokwama kwenye rola. Lilitengenezwa miaka mitatu iliyopita na kampuni kubwa ya ubunifu, na lilikuwa zuri, hilo hakuna anayelibishia. Hatua nne zilipangwa upande wa kushoto, nne upande wa kulia, na katikati nafasi nyeupe ya kupumulia. Namba ziliondolewa kwa sababu, kwa maneno ya wenyewe, zilikuwa zinalisonga bango. Mahali pa kila namba pakawekwa tone la maji la rangi ya buluu, nembo ya kiwanda. Bango likapata tuzo, watu wakapiga picha nalo wakiwa na glasi mkononi.

Oktoba mwaka jana Perla Magsino, mwenye miaka hamsini na miwili, ambaye kiwanda kizima humwita Shangazi Perla, alihamishwa kutoka meza ya kukunjia taulo hadi kwenye rola. Siku ya pili shuka likakwama. Perla hakubahatisha. Alikwenda ukutani akasoma.

Alisoma kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa kwanza, kisha wa pili. Bonyeza kitufe chekundu. Fungua kifuniko. Zima swichi kuu. Toa shuka lililokwama.

Waliolitengeneza walitaka asome safu yote ya kushoto kuanzia juu hadi chini, ndipo ahamie ya kulia. Kwa mpango huo mtu angebonyeza kitufe, angezima swichi, angeifunga kwa kufuli, angesubiri dakika mbili rola zisimame, ndipo aguse kifuniko. Kwa mpango wa Perla, neno "subiri" lilikuwa la saba. Rola huendelea kuzunguka kwa muda hata umeme ukikatwa, na moto wake ni wa kuunguza nyama.

Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia na ngozi ya kiganja.

Ripoti ya kiwanda ina sentensi moja tu kuhusu chanzo cha ajali: mfanyakazi hakufuata maelekezo yaliyobandikwa. Kwa sentensi hiyo Perla alipewa onyo la maandishi akiwa bado na bandeji. Onyo la pili likija, kwa lolote lile, ajira yake imekwisha. Amekata rufaa, na kamati ya kiwanda na chama cha wafanyakazi itamsikiliza tarehe kumi na nne Aprili.

"Hakufuata?" anauliza Corrine, na sasa ameacha shuka lipite peke yake. "Aliyafuata neno kwa neno. Sisi tusiosoma bango ndio wenye vidole kumi. Mimi nina miaka sita hapa, sijawahi kulifuata hata siku moja. Nasubiri, nachokonoa shuka kwa mpini wa ufagio kama walivyonifundisha wenzangu. Aliyetii ndiye aliyeumia, halafu wanamwandika mkaidi. Hiyo si dharau?"

Ni dharau. Mwandishi wa makala haya ameliona bango lenyewe, amelisoma, na hana haja ya kumung'unya maneno.

Kuelewa hasira ya Corrine kunataka mtu aone chumba anachoishi, ghorofa ya pili juu ya duka la kukarabati viatu. Kazi zake za miaka mitatu amezibandika ukuta mzima, na ukizitazama harakaharaka utadhani ni za watu wanne wasiofahamiana.

Kuna lebo za jamu ya bibi yake. Darasani walimwambia lebo hukaa ubavuni mwa chupa. Lakini bibi huweka chupa zake sandukuni, sakafuni, chini ya ngazi, na goti lake halikunjiki. Anaziona kwa juu tu. Kwa hiyo lebo ya Corrine iko kwenye kifuniko, na mwaka umeandikwa mkubwa kuliko jina la tunda.

"Tunda analiona mwenyewe, ana macho," anaeleza. "Anachosahau ni mwaka. Akafungua ya zamani, mjomba akaharisha wiki nzima. Tukamcheka, lakini lebo nikabadilisha."

Kuna kijitabu cha mazishi ya mjomba huyohuyo, aliyekuja kufariki kwa ugonjwa wa moyo. Ndani yake hakuna wimbo hata mmoja unaokatwa na ukurasa, kwa sababu mzee aliyeshika mkongojo kwa mkono mmoja hawezi kugeuza karatasi huku anaimba. Kuna ratiba ya basi aliyoichora baada ya kusimama kituoni asubuhi tano mfululizo akihesabu: kati ya watu arobaini na mmoja waliosoma ratiba ya zamani, ishirini na sita walilazimika kuvua glavu ili wafuate mstari kwa kidole. Katika baridi ya Januari, anasema, huo ni ukatili.

Na kuna kasha la manukato, kazi ya lazima ya mwaka wa pili, ambalo lilimpatia alama za chini kuliko zote. "Manukato yenyewe hayapo, mnunuzi hayupo," anasema. "Nikawauliza, namchorea nani? Wakaniambia nijiachie. Nikajiachia, nikafeli."

Kwenye mlango wa friji ameandika kwa kalamu nene swali analoanza nalo kila kazi: Nani anasoma, amesimama wapi, na mikono yake imeshika nini?

Hakuzaliwa nalo swali hilo. Mwaka wa kwanza, walipotakiwa kuandika insha kuhusu kazi moja ya ubunifu wanayoihusudu, Corrine aliandika kuhusu bango la kazini kwake. Alisifu nafasi nyeupe. Alisifu matone ya buluu. Alisifu uamuzi wa kuondoa namba, akauita wa kijasiri. Alipata alama za juu kabisa darasani, na insha hiyo bado anayo.

"Nilipita mbele ya kile kitu kila siku nikakiona kizuri," anasema polepole. "Nilikuwa naangalia kama mbunifu. Sikujiuliza hata mara moja kama mtu ana shuka linaungua nyuma yake, mashine inapiga kelele, na Kiingereza ni lugha yake ya tatu. Nina hasira na kampuni, nina hasira na meneja. Lakini ile insha, acha tu."

Ndiyo maana kazi yake ya kuhitimu ni bango lilelile. Jipya si bango hasa. Ni kibandiko kirefu cha manjano kinachoshuka chini mstari mmoja, namba zikiwa kubwa kama ngumi, na hatua ya nne haiko ukutani kabisa. Neno "SUBIRI" limebandikwa kwenye mpini wa kifuniko cha mashine, pale hasa mkono unaposhika.

"Mkono ukifika pale, neno liwe limeshatangulia," anasema.

Kazi hiyo ilipofikishwa darasani Februari, katika kikao cha kukosoana, mwenzake mmoja alisema ni mbaya kama alama ya barabarani. Corrine hakujibu. Huo ndio utaratibu wa kikao: mwenye kazi hukaa kimya mpaka wote wamalize kusema, hata kama wanamchoma. Baadaye alituambia hajawahi kusifiwa vizuri namna ile.

Tatizo halikuwa la sura. Lorne Wieler, mkuu wa idara, alikuwa ameshamwambia kwamba kibandiko kipya kinaruhusiwa kwenye maonyesho ya wahitimu, ila bango la zamani lisitundikwe pembeni yake. Kampuni iliyolitengeneza huleta jaji kila mwaka, na huchukua wahitimu wawili kazini. Corrine mwenyewe alikuwa kwenye orodha ya watakaohojiwa.

"Maonyesho si mahakama," Wieler alimwambia mwandishi huyu ofisini kwake. "Hawa ni wageni wetu. Kuna namna ya kusema jambo bila kumwaibisha mtu."

Ni maneno ya kistaarabu. Tatizo lake ni kwamba kuna mtu aliyekwisha kuaibishwa, kwa barua yenye mhuri, na huyo hakuna aliyemtafutia namna.

Siku ya kikao, kabla hawajaanza kusema, Corrine aligawa karatasi na penseli kwa wanafunzi kumi na saba na kwa Wieler. Kwenye karatasi kulikuwa na hatua nane za bango la zamani, kwa mpangilio uleule, na matone manane ya buluu. Chini aliandika ombi moja: weka namba kwa mfuatano ambao ungeufuata. Aliwapa sekunde thelathini. Kisha akakusanya, akakaa kuwasikiliza.

Walikosoa kwa robo saa. Zamu yake ya kusema ilipofika, alisimama na karatasi moja mkononi. Watu kumi kati ya kumi na wanane walikuwa wamesoma kama Perla.

"Lorne," alisema, "hii ni ya kwako. Mkono wako uko ndani ya rola."

Wieler aliichukua karatasi, akaitazama, akavua miwani, akaitazama tena. Kesho yake alimwandikia Corrine kwamba bango la zamani linaweza kutundikwa, mradi jina la kampuni na la kiwanda yafunikwe. Hakueleza kwa nini alibadili mawazo, nasi tulipomuuliza alisema tu kwamba ana kazi nyingi.

Corrine alikubali sharti hilo. Nafasi ya kuhojiwa na kampuni haikuja, na hakuiulizia.

Maonyesho yalifunguliwa Ijumaa iliyopita saa kumi jioni. Bango la zamani lilitundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe, likiwa zuri vilevile. Pembeni palikuwa na meza, karatasi, na kikombe cha penseli. Jaji wa kampuni alifika, akasimama mbele yake kwa muda, akachukua penseli, kisha akairudisha kikombeni bila kuandika kitu. Kufikia saa mbili usiku wageni mia moja arobaini na watatu walikuwa wameweka namba zao. Themanini na wanane kati yao waliingiza mkono kabla rola hazijasimama. Mmoja wao ni mwalimu wa mwaka wa kwanza, yule aliyeipa insha alama za juu.

Mpango wa Corrine ni mdogo, na amekwisha kuusema kwa kila anayemuuliza. Tarehe kumi na nne Aprili atabeba karatasi zote kwenye bahasha na kuziweka mbele ya kamati. Anataka sentensi moja ifutwe kwenye faili. Kazi ya baadaye ataitafuta akishamaliza hilo.

Perla alifika saa kumi na moja, amevaa koti lake la kanisani, amebeba trei ya tambi alizopika kwa mkono wa kushoto. Hakuwahi kuliona tena bango hilo tangu Oktoba. Alilitazama toka mlangoni, akasogea.

"Shangazi, si lazima," Corrine alimwambia.

"Nimesimama foleni kama wengine, mwanangu, nipe penseli. Huu mkono wa kushoto bado ni mtoto wa chekechea, msinicheke mwandiko."

Aliinama mezani. Aliandika moja, karibu na kitufe chekundu. Mbili, upande wa pili, karibu na kifuniko. Tatu, swichi. Nne, shuka. Namba zilikuwa zimepinda lakini zilisomeka vizuri. Kisha akaweka penseli chini.

"Umebakiza hatua nne, Shangazi," alisema Corrine.

"Sikufika huko," alijibu Perla.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokuwa ya juu kwenye bahasha.