Fundi wa Hewa

Mnara mmoja wa ofisi, hapo katikati ya Harare, umejengwa kwa kuiga kichuguu: hauna kiyoyozi, unapumua kwa matundu ya sakafuni. Kila asubuhi fundi wa hewa huvua kiatu cha kushoto, akaweka unyayo juu ya tundu, akafumba macho, kisha akaguna kama aliyeonja mchuzi ukamkolea. Mama Tadiwa, karani wa ghorofa ya saba, alithubutu siku moja kuweka faili juu ya tundu. “Wewe ukizibwa pua utafanya kazi?” fundi alimfokea, na tangu hapo mama huyo anamwogopa kuliko bosi.

Jana mvua ya kwanza ilinyesha, kumbikumbi wakaruka kutoka vichuguuni, ofisi nzima ikashuka uani na ndoo kuwaokota. Leo kona ya Mama Tadiwa imekuwa tanuri. Akachungulia nyuma ya kabati, akamkuta fundi amechuchumaa, ametandaza gazeti juu ya tundu, anageuzageuza kumbikumbi wa chumvi wakauke.

“Babu! Nani kaziba pua?”

Fundi hata hakushtuka. Akamchotea konzi moja ya kumbikumbi.

“Kwani hawa ni faili, mwanangu? Hawa ndio waliochora ramani ya jengo.”