Mizani Hakunjiki

"Haya mabega si yangu," wifi yangu alisema, pini ikiwa mdomoni. "Umenikatia bega moja mara mbili. Mimi nina mawili, Fundi, na hayajawahi kupatana."

Fundi Futi alirudi nyuma, akafinya jicho kama mtu anayechagua nyanya. Gauni lilikuwa limepigwa bandi tu, kwa uzi mweupe wa mkono, ili lijaribiwe kabla ya kushonwa. Bega la kulia lilikaa vizuri. La kushoto lilikuwa limeshateremka mpaka nusu ya mkono, kama mlevi anayeshuka ngazi.

"Simama wima," Fundi akasema.

"Nimesimama wima tangu asubuhi. Bega ndilo halitaki."

"Basi tutatia pamba. Kijimto kidogo hapo, nani atajua?"

"Bega langu si godoro."

Darasa zima tuliangua kicheko. Fundi alijikaza asicheke, na masharubu yakamsaliti.

"Kitambaa changu umekiharibu," wifi akaendelea. "Nilikwambia usikunje. Ukaninyang'anya mkasi, ukakunja, ukakata. Nakudai kitambaa."

"Unanidai mimi? Mwanafunzi amdai fundi?"

"Ningekuharibia mimi chako, ungenisamehe?"

Alikunja futi yake, ile ya kupimia ambayo haikutoka shingoni mwake hata wakati wa kula, akaita mwanafunzi mwingine.

Mwanamke huyo mwenye kudai kitambaa ni dada wa mume wangu, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Wifi asiyekusema ana lake jambo. Alipokuwa mtoto alianguka kutoka juu ya lori la magunia, akavunjika mtulinga, ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani. Mfupa uliunga wenyewe, tena vibaya, maana hakuna aliyeusimamia. Bega la kushoto likabaki chini, la kulia juu, na watoto wa mtaani wakamwita Mizani. Mwingine angelia. Yeye aliitika. Aliitika kwa sauti kubwa mpaka waliombatiza wakaona aibu, lakini jina lilikuwa limeshakolea. Alipokua akafungua kazi ya udobi, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: MIZANI DOBI. Na chini yake: NGUO ZINARUDI ZILE ZILE.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akimshonea binti yake vijimto vya pamba ndani ya kila gauni ili bega la chini lifanane na la juu. Mizani alipoanza kushika hela zake mwenyewe, alivifumua vyote akamtandikia paka. Mama alinuna. Paka alinenepa.

Tangu hapo nguo zake zote amezivaa kwa pini. Anafua magauni ya watu, anayapiga pasi, anayajua kuliko wenyewe, ila hajawahi kuvaa hata moja lililokatwa likimkusudia yeye. Alinieleza hayo mara moja tu, huku anakamua shuka, na nilipotaka kumwonea huruma akanirushia maji.

Kilichotupeleka kwa Fundi Futi ni bega hilo hilo. Lilikuwa limeanza kumuuma kwa ndoo za nguo zilizolowa, akaambiwa aache kubeba. Sasa dobi asiyebeba ni dobi gani? Cherehani walau unaifanyia kazi umekaa. Mimi nilimsindikiza, nikanogewa, nikajiandikisha na mimi.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Meza moja ndefu, cherehani tatu, na vumbi la saruji linaloingia puani bila kubisha hodi. Mwenye duka alitupa mifuko mitupu ya saruji. Tuliikung'uta, tukaipasua, na karatasi zake ngumu ndizo tulizokatia pateni, yaani ile nguo ya karatasi unayoitandaza juu ya kitambaa ili ujue mkasi upite wapi. Sheria ya Fundi ilikuwa moja: hukalii cherehani mpaka ukate gauni lako mwenyewe, likukae. Mbili zilikuwa zimeshapata watu. Iliyobaki ilikuwa ya dirishani, nasi tuliokuwa hatujafuzu tulibanana mezani tukiitazama kama wachumba wa bwana mmoja. Mwisho wa kukaguliwa ulikuwa Ijumaa. Baada ya hapo linaingia darasa jipya, na ambaye hajafuzu anarudi kwao.

Somo la kwanza tulilikariri mpaka tukaliota. Kunja karatasi katikati. Mkunjo ndio uti wa mgongo. Chora nusu ya mtu: nusu ya shingo, bega, kwapa, kiuno. Usisahau nafasi ya mshono, upana wa kidole, la sivyo gauni litakutosha ukiwa maiti tu. Kata. Fungua. Umepata mtu mzima.

"Nusu ipi?" Mizani aliuliza siku hiyo ya kwanza.

"Yoyote. Ziko sawa."

"Kwako."

Fundi hakuwa mtu mbaya. Alifundishwa na mzee aliyekuwa akimchapa vidole kwa rula, na katika maisha yake kitu kimoja hakijawahi kumdanganya: mkunjo. Mabinti wa harusi na wanene wasiopitika mlangoni, wote amewakata kwa mkunjo. Mizani alipoendelea kubisha, akaona amalize ubishi mwenyewe. Akachukua kitambaa cha wifi, cha bluu chenye maua ya njano, alichokifulia mapazia ya nyumba ya wageni ili akinunue, akakikunja na kukikata yeye, tena vizuri sana. Kikateremka begani kama mlivyosikia.

"Hili halihesabiki, nimelikata mimi," Fundi alimwambia Mizani siku hiyo ya kujaribu, tulipokuwa tunatoka. "Ijumaa uje na la kwako. Na ulikunje kama wenzako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Nimeshavunjika mtulinga, Fundi. Guu halinitishi."

Jioni hiyo alikuja kwangu na mifuko ya saruji kwapani. Tuliigundisha kwa uji wa ngano, tukaitandaza sebuleni baada ya kusogeza viti, naye akalala juu yake chali.

"Nizungushie mkaa," akasema. "Usinipunguze, na usiniongeze."

Nikawa napiga magoti namzunguka na kipande cha mkaa, shingo, bega la juu, bega la chini. Mume wangu akaingia kutoka kazini, akaganda mlangoni.

"Mmemuua dada yangu?"

"Bado," nikamwambia. "Vua viatu."

"Kaka, niambie ukweli," Mizani akasema kutoka sakafuni. "Nimepinda?"

Mume wangu alimtazama yeye, kisha mstari wa mkaa. "Umepinda. Lakini umepinda vizuri."

"Haya, kapike."

Mchoro peke yake haukutosha, maana mtu si chapati. Ikabidi tupime kila upande kivyake: kutoka shingoni mpaka ncha ya bega, kutoka bega mpaka kifuani, kutoka kwapa mpaka kiunoni. Kushoto namba yake, kulia namba yake. Tukafuta na kuchora upya mara nyingi. Shingo tuliikosea ikatokea chini ya sikio. Nafasi ya mshono tuliisahau, tukairudia pande zote. Mwishowe ikapatikana pateni nzima, mbele na nyuma, isiyo na mkunjo hata mmoja. Ilionekana kama ngozi ya mnyama asiyejulikana.

Kesho yake Fundi aliitazama mezani. "Hii ramani ya nchi gani?"

"Yangu," Mizani akasema.

"Hiyo siyo pateni. Pateni inakunjwa."

"Mimi sikunjiki."

"Basi cherehani nitampa anayekunjika." Akampita.

Kitambaa hakuwa nacho, na Fundi aliyedaiwa alijifanya hana masikio. Akashusha pazia la sebuleni kwake, lenye majani ya kijani. Nilimwambia, wifi, majirani watakuona mpaka ndani. Akasema wameniona siku zote, leo ndiyo watalipa kiingilio? Akakata usiku huo huo peke yake, akapiga bandi, akalala.

Ijumaa ikafika. Langu lilinibana kifuani, nikaambiwa nirudi karatasini, yakaisha. Wa nyuma yangu naye gauni lilipinda kola. Mizani akaingia nyuma ya shuka tulilolitumia kama chumba cha kubadilishia, mara tukasikia sauti yake.

"Shetani wewe."

Akatoka. Yesu na Maria, sijawahi kuona kitu kama kile. Bega la kulia, lile la juu, lilikuwa limebanwa mpaka nguo imemkaba shingo. La kushoto, la chini, lilikuwa na nafasi ya kufuga kuku. Lilikuwa gauni la mwanamke aliyepinda, ndiyo, lakini aliyepindia upande mwingine.

Darasa likalipuka. Mmoja alikaa chini kabisa. Mimi, Mungu anisamehe, nilishika ukuta.

"Chekeni vizuri," Mizani akasema, "msije mkasahau kipande mkarudi kukichukua."

Lakini macho yake yalikuwa kwenye cherehani ya dirishani.

Fundi Futi hakucheka. Alikwenda mezani, akaichukua ile karatasi ya saruji, akaigeuza mbele nyuma, nyuma mbele. Akaishika dirishani dhidi ya mwanga. Pateni ya kukunja haina upande. Uiweke kifudifudi au chali, ni mtu yule yule. Hii ya Mizani ilikuwa na kulia na kushoto, na usiku ule wifi alikuwa ameilaza kifudifudi juu ya pazia, kipande cha mbele na cha nyuma pia, kulia kukawa kushoto. Sisi wengine hatujawahi kuhitaji kujua hilo, na Fundi hajawahi kuhitaji kufundisha.

"Livue," akasema.

"Ili?"

"Ligeuze. Ndani iwe nje. Ulivae hivyo."

"Unanitania?"

"Mama, nimekwambia ligeuze."

Akarudi nyuma ya shuka. Alipotoka, kicheko kiliishia njiani. Mishono ilikuwa nje, nyuzi zinaning'inia, majani ya kijani yamepauka kwa sababu ni upande wa ndani wa pazia. Lakini gauni lilikuwa limemkaa. Lilimkaa bega la juu, likamkaa la chini, likashuka kiunoni bila kuvutwa na kitu. Aliinua mikono, likakaa. Akainama kama anayenyanyua ndoo, likakaa. Mkono wake ulikwenda begani kutafuta pini, kwa mazoea, ukakuta hakuna.

Fundi alimzunguka polepole. Akagusa bega la kushoto kwa ncha ya kidole, kama anagusa pasi kujua ina moto.

"Limekaa," akasema. Akakohoa. "Lakini ni ndani nje. Siwezi kumpitisha mtu ndani nje. Wenzako watasemaje?"

"Waulize, si hawa hapa."

Wa kola iliyopinda alitazama dari.

"Nitafikiri mpaka Jumatatu," Fundi akasema.

"Fikiri. Mimi hili silivui."

Na hakulivua. Alitoka vile vile, mishono nje, kwa mlango wa mbele wa duka, akapita katikati ya mabati na ndoo za rangi, akashika barabara ya soko saa ambayo watu wote wako nje. Mimi nyuma yake nimebeba nguo zake za kawaida na mtandio, namwomba ajifunike walau mpaka kwenye kona.

"Mizani!" wauza mitumba wakapiga kelele. "Umevaa ndani nje!"

"Najua!"

"Bandi zinaonekana!"

"Zitazame vizuri, nimezipiga mwenyewe!"

"Unaonyesha ndani kote, mama!"

"Ndani kwangu kuna nini ambacho hamjakisema?" Akasimama katikati ya barabara, akageuka mzunguko mzima, taratibu, ili na wa upande ule wafaidi. "Nioneni mgongoni pia. Mmemaliza? Haya, uzeni viatu."

Mzee wa pikipiki akazima injini kumpisha. Sikumpa mtandio tena. Nilijifunga mwenyewe kiunoni nikatembea ubavuni kwake.

Jumatatu nilimsindikiza, tukakuta kiti kimesogezwa kwenye cherehani ya dirishani. Mezani, karatasi mpya ya saruji ilikuwa imetandazwa yote, haikukunjwa, na Fundi alikuwa ameandika juu yake kwa mkaa, herufi kubwa: HUKU JUU. Alitoa kifurushi chini ya meza, akamwekea Mizani mkononi. Kitambaa cha bluu, maua ya njano.

Mizani alikifungua, akakipima kwa urefu wa mkono wake, kutoka pua mpaka ncha ya vidole, mara moja, mara mbili. Ya tatu ikaishia kwenye kiwiko.

"Kimepungua," akasema.

"Dukani ndicho kilichobaki."

"Uliharibu kizima, unalipa kilichokatika."

"Mama, nimezunguka maduka yote."

Alimtazama Fundi, na futi yake shingoni, na masharubu yaliyokuwa yanasubiri hukumu. Kisha akakaa kitini, akavuta cherehani karibu, akaweka mguu kwenye kanyagio.

"Mikono itakuwa mifupi, basi," akasema. "Hicho kilichopungua nimekusamehe. Nipe uzi."