Mapigo ya Moyo na Jogoo wa Mama Mkwe

Mimba yangu ya kwanza niliilea Makambako, nilikokuwa nafundisha shule ya msingi. Mama mkwe alikuja kutoka Mdandu kunisaidia kwa wiki mbili, akakaa miezi sita.

Siku moja kliniki, nesi alinipaka jeli ya baridi tumboni, akaweka kifaa. Chumba kikajaa mlio kama wa cherehani ya fundi aliyebanwa na sikukuu. Akaandika kwenye kadi mapigo ya moyo wa mtoto kwa dakika: 152.

Nyumbani mama mkwe alitaka asomewe.

"Moyo unaokwenda mbio hivyo ni wa msichana," alisema. "Wa mvulana hupiga kwa kutulia."

Jogoo aliyekuja naye kwa ajili ya mjukuu wa kiume, aliyekuwa achinjwe Jumapili, akapewa likizo. Tukala maharage.

Mwezi uliofuata kadi ilisoma 134. Jogoo hakuiona Jumatatu. Mume wangu, msomi wa diploma asiyeamini mambo hayo, akaanza kuwaambia wenzake kazini kwamba kijana anaendelea vizuri. Na mimi, mwalimu wa sayansi, nilikula mapaja yote mawili.

Kliniki iliyofuata ilikuwa 156. Nikamwomba nesi aniandikie 130.

Aliweka kalamu chini. "Mama, kadi hii ndiyo atakayoisoma mkunga siku ya kujifungua. Nikiandika uongo, nimekuponza wewe."

"Nyumbani watasema ni msichana."

"Mtoto akilala mapigo hushuka, akicheza hupanda. Yakiwa kati ya mia na kumi na mia na sitini, sisi hatuna ugomvi naye. Ukiona amepunguza kucheza, njoo hapa siku hiyohiyo. Jinsia haimo kwenye hesabu hii. Na huyo anayesema, mje naye."

Nikaenda na mama mkwe. Nesi alimweleza kama alivyonieleza, kisha akawasha kifaa. Mama mkwe alisikiliza hadi nesi akamaliza kuhesabu.

"Yupo," alisema polepole, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Nilijifungua Njombe, mtoto wa kike. Mama mkwe alimviringisha kwenye mablanketi mawili, akampakata. Kabla ya chakula cha mchana alishawakusanya mama wakwe wa wodi nzima, anawafundisha kwamba mapigo hupanda mtoto akicheza, na kuwasikitikia wasiolijua jambo dogo kama hilo.